Sista Mektilda Ocokoru, Mama wa Wauguzi wa Vijijini

Alizaliwa mwaka 1928, mvua za kwanza zilipoanza, katika kijiji kimoja cha Walugbara magharibi ya misheni ya Ediofe, karibu na mji wa Arua huko West Nile, mtoto wa nne wa mkulima Adrabo na mkewe Mindra. Walimwita Ocokoru, jina la Mektilda alipewa katika ubatizo, akiwa na miaka saba. Baba yake alikuwa mtu wa mabega mapana, na kwa hiyo kila mgonjwa aliyezidiwa pale kijijini alibebwa na Adrabo na wenzake, kwa machela ya miti na kamba, hadi hospitali ya Arua. Binti alifuata nyuma na chungu cha maji. Alikuwa na miaka kumi na minne walipombeba shangazi yake, ambaye uchungu wa kuzaa ulikuwa umemshika siku ya pili. Shangazi akakata roho kabla hawajafika. Wanaume wakateremsha machela kando ya njia, na Adrabo akatamka maneno ambayo bintiye aliyarudia maisha yake yote: “Hakufa kwa ugonjwa. Amekufa kwa umbali.”

Mwaka 1948 aliingia utawani, akasomea uuguzi na ukunga, akaweka nadhiri zake za milele. Alihudumu wodini miaka mingi kwa utii na uchangamfu, lakini neno la baba yake halikumpa usingizi. Januari 1971, mwezi uleule serikali ilipopinduliwa, alikabidhiwa shule ndogo ya wauguzi na wakunga ya misheni, nje kidogo ya mji wa Arua, yenye wanafunzi kumi na watano. Wiki ya kwanza aliwatangazia sheria mpya: hakuna atakayefanya mtihani wa mwisho kabla hajaishi miezi sita katika kijiji kisicho na zahanati, akilala wanapolala wenyeji, akila wanachokula, akijifunza lugha yao. Wajumbe wa kamati ya shule walinung’unika, wakisema wahitimu wanahitajika katika wodi kubwa. Sista akawasikiliza hadi mwisho, akawashukuru, akawapeleka wanafunzi vijiji vya Koboko, kwa Wakakwa.

Miongoni mwa waliopelekwa mwishoni mwa 1973 alikuwamo Rabia, binti wa Kinubi kutoka mtaa wa Oli mjini Arua, Mwislamu pekee shuleni. Baba yake, Mzee Tahiru, fundi cherehani, aliposikia bintiye analima shambani akafunga safari mpaka ofisini kwa Sista, amekasirika.

“Sista, mimi nilileta mtoto kwa kusoma sindano. Sasa iko nalima muhogo huko kwa Wakakwa, iko nachota maji kama mutu hapana baba. Hii ni masomo gani?”

Sista akamkaribisha kiti. “Baba Rabia, ukitaka kushona kanzu, unakata kitambaa kwanza, au unapima mutu kwanza?”

“Napima kwanza.”

“Basi Rabia iko huko napima.”

Mzee Tahiru akacheka hadi akashika mbavu. Wiki iliyofuata akarudi na aproni kumi na tano alizozishona mwenyewe, kila moja na mifuko minne mipana, ili wanafunzi watembee na vifaa vyao bila kubeba sanduku.

Jaribu lililopima sheria ile lilifika Machi 1974. Sista alikuwa akiwatembelea wanafunzi kwa baiskeli, malaria ikamwangusha katika kijiji alikokaa Rabia, mwendo wa saa nne kutoka Koboko. Akalazwa mkekani, akitetemeka. Adhuhuri ya siku ileile Sitti, mke wa mwenyeji mmoja aitwaye Lokule, alijifungua mtoto wa kiume katika nyumba ya jirani, na kondo la nyuma likatoka vizuri, lakini damu haikukoma. Rabia akaja mbio, mikono imelowa.

“Mwalimu, damu hapana simama. Njoo.”

Sista aliinuka, akavaa viatu. Alimwona tena shangazi yake. Lakini alijua pia kwamba akiingia mle, Rabia atampisha, na vidole vyake yeye vilikuwa vinacheza kwa homa. Akavua viatu. “Mikono yangu inatetemeka, yako haitetemeki,” akasema. “Yote nimekufundisha. Rudi.”

Lokule alikuwa amekwisha kuleta baiskeli. “Mimi napeleka yeye Arua sasa hivi!” alifoka. Rabia, ngumi moja ndani ya njia ya uzazi na kiganja cha pili kikikandamiza tumbo kwa juu, hakugeuka hata kumtazama. “Ukipandisha yeye, atakufa njiani. Weka baiskeli chini, shika miguu yake, inua.” Lokule akatii. Ng’ambo ya ukuta Sista alisali rozari, akapoteza hesabu, akaanza upya, akaipoteza tena. Alisema baadaye kwamba hakuna saa iliyomwia ngumu kama ile ya kukaa kitako. Jua lilipoanza kushuka, mfuko wa uzazi ulijikaza, damu ikakoma, Sitti akaomba uji. Wanakijiji walisema ni muujiza wa sala za Sista. Yeye akakasirika, jambo lililokuwa nadra kwake: “Mungu ametenda, lakini mikono ilikuwa ya Rabia. Msimnyang’anye.”

Mwaka 1977 ofisa mmoja wa jeshi alifika shuleni na lori, akidai wahitimu wote kwa zahanati ya kambi yake, akiahidi nyumba za bati na mshahara mzuri. Sista alisimama mlangoni. “Afande,” alisema, “mgonjwa wako akija hapa tutamtibu. Lakini hawa wamekwisha kuahidiwa vijiji. Siwezi kukupa walio wa wengine.” Alishikwa siku nane, akapigwa, akang’oka meno mawili. Siku ya tisa akina mama zaidi ya sitini wakaketi mbele ya lango la kambi, kila mmoja na mtoto aliyezalishwa na wanafunzi wale. Sitti alikuwa wa mbele. “Huyu mutoto iko hai kwa sababu ya mama ile munafunga ndani,” aliwaambia askari. “Sisi hapana toka.” Askari wengi walikuwa wana wa vijiji hivyohivyo, wakainamisha macho. Kabla ya jioni lango likafunguliwa, na Sista akatoka akitembea kwa miguu yake.

Vita vilipofika West Nile mwaka 1979, watu walikimbilia mipakani, Sudan na Zaire. Shule ikafungwa. Sista, umri wa miaka hamsini na mmoja, aliwafuata wakimbizi hadi ng’ambo ya Koboko, akiwahudumia waliokumbwa na kuhara damu, mpaka naye akakumbwa. Alifariki mwezi Agosti, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Rabia. Neno lake la mwisho lilikuwa swali: “Na wengine wako wapi?”

Miezi ile jibu lilikuja kidogo kidogo, kwa midomo ya wasafiri. Jale, mmoja wa wahitimu wake, alikuwa upande wa Sudan, akichanja watoto. Santo, mhitimu mwingine, alikuwa msituni, akizalisha wanawake chini ya turubai. Wanafunzi thelathini na mmoja alikuwa amewahitimisha. Ishirini na tisa walikutwa katikati ya watu wao, hakuna aliyekuwa amewatuma. Wapo wanaosimulia wagonjwa walioponywa kwa kumwomba, nasi tunaliachia Kanisa lipime. Sisi tunajivunia hao ishirini na tisa.

Nawe unayesomea uganga, uuguzi au ukunga, usimwombe Sista Mektilda akutafutie kituo kilicho karibu na barabara. Omba moyo wake. Na ukipangiwa kijiji ambacho hujapata kusikia jina lake, uliza njia, uende.