Shangazi Praxeda kwenye Jiko la Kijapani

Shangazi yangu Praxeda, mjane wa Maramba, alikuwa na mambo mawili asiyoyafanyia mzaha: nyama ya kuchoma na heshima ya ukwe. Mwaka 1957 mambo hayo yaligombana mbele ya macho yangu, na hadi leo nikikumbuka mbavu zinaniuma.

Laurenti, kijana wa mashamba ya katani ya Pongwe, alikuwa amemposa binti wa shangazi, Bibiana. Shangazi alisema hatatoa neno mpaka amwone kijana mwenyewe. Laurenti akatualika sisi wawili mjini Tanga, kwenye hoteli ya Bwana Rehmatulla, ambako wanawake walikula kwenye chumba chao nyuma ya pazia. Maskini, alikuwa amefikiri vizuri. Kwetu mkwe hatafuni mbele ya mama mkwe, wala mama mkwe hafungui kinywa kula mbele ya mkwe. Wakila wakitazamana, posa imevunjika, na aibu itafika Maramba kabla ya basi.

Asichojua ni kwamba Rehmatulla alikuwa amepanda meli ya Kijapani iliyokuja kupakia katani, akamwona mpishi akichoma nyama kwenye vijiti mbele ya walaji wenyewe. Alishuka na wazimu. Akabomoa ukuta wa chumba cha wanawake, akatupa pazia, akajenga jiko refu la mkaa na kulizungushia mabenchi, ili watu wale huku wakitazamana. Eti ndiyo mambo ya kisasa.

Tukakalishwa, shangazi upande huu, Laurenti upande ule. Laurenti alimwamkia shikamoo huku akitazama sakafu, shangazi akaitikia huku akitazama dari. Rehmatulla akatuwekea vijiti vya kuku na vya mbuzi vilivyopakwa ukwaju, bado vinatoa moshi. Hakuna aliyegusa. Rehmatulla akadhani tunaitilia shaka nyama yake, akaanza kuapa kwamba mbuzi amemchinja mwenyewe asubuhi ile. Nilimhurumia Laurenti. Akila, hana adabu; asipokula, amewadharau wageni aliowaita mwenyewe. Shangazi naye alikuwa akimeza mate mpaka namsikia.

Mwishowe alivua khanga ya mabegani, akajifunika gubigubi, yeye na vijiti vyake humo ndani.

"Beatrisi," ikasema khanga, "mwambie kijana huyo mimi nimeshaondoka."

Nikamwambia, ingawa alikuwa amesikia kila neno. Laurenti akageukia ukutani, akaanza kula. Rehmatulla alisahau kupepea moto, akabaki ametukodolea macho.

Baadaye mkono ukatoka chini ya khanga, ukapapasa sahani. Sahani ilikuwa tupu, na jikoni hapakuwa na kitu. Mkono mtupu haulambwi, lakini ule haukukubali kurudi ndani. Laurenti alikuwa amebakiwa na kijiti kimoja cha mbuzi, chenye mafuta, alichokiweka makusudi kiwe cha mwisho. Alikitazama kwa uchungu wa kweli. Kisha akageuka, na bila kuinua macho akanyoosha mkono juu ya jiko na kukiweka kwenye kiganja kile.

Khanga ilitafuna kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeacha kucheka, moyo unanidunda kama vile ni mimi niliyeposa.

"Beatrisi," ikasema tena, "mwambie Jumapili baada ya misa alete wazee wake. Bibiana hatalala njaa kwa huyu."