Jitu la Ukungu Lililonipungia Mkono

Usinicheke kabla sijamaliza. Mimi niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba yale mawe makubwa yaliyosimama juu ya mlima wetu pale Masasi ni mabibi harusi. Nilielezwa na mtani wangu wa Kimakua tuliyesoma naye darasa la jioni: kileleni linakaa jitu la ukungu, na kijana mwenye mchumba likimpungia mkono, mchumba hugeuka jiwe siku ya ndoa. Jiwe moja nililiona kabisa limenuna.

Sasa nisikilize, maana haya yalinipata mimi mwenyewe. Mlima ule hauna udongo, ni jiwe tupu. Mvua za tangu dunia haijapewa jina zilikula udongo wote wa pembeni, zikashindwa na mfupa. Saa saba mchana unaweza kukaangia mayai juu yake. Alfajiri ya kipupwe meno yanagongana mpaka mbwa wa mtaa wa Mkomaindo, huko chini, wanabweka. Kwa joto hilo na baridi hiyo, jiwe linabambuka magamba mapana kama mlango wa msikiti.

Nilipanda kwa ajili ya Somoe, mchumba wangu wa Newala. Mahari ilikwisha kupokelewa, harusi ilikuwa karibu, nami nilitaka tu kuutazama kwa mbali ule uwanda wa juu anakokaa. Mapenzi, jamani! Jua likachomoza upande wa Newala, nikatabasamu peke yangu, nikageuka nishuke.

Magharibi, chini yangu, ukungu ulijaa kama maziwa kwenye sufuria. Hakuna mji, hakuna barabara. Na ndani yake kasimama mtu. Mtu gani? Mrefu kuliko mnara wa simu, mweusi, kichwani kavaa duara lenye rangi zote za upinde wa mvua! Niamini. Nikainua mkono kujikinga. Naye, Mungu wangu, akanipungia.

Niliteremka mlima ule kwa makalio. Suruali ilifika nusu. Siku ile ile nikampigia shemeji, kaka yake Somoe, nikamwambia harusi basi.

"Umepata mwingine?"

"Hapana, shemeji. Nampenda mno."

"Unampenda ndiyo unamwacha? Hiyo shule ya jioni walikufundisha taa zikiwa zimezimwa?"

Acha anitukane. Bora Somoe aolewe na mwingine akiwa na damu mwilini kuliko awe jiwe kwangu. Nililia, sikufichi.

Somoe naye akanipigia. "Njoo Newala uniambie usoni." Nikaenda, nikaeleza yote mbele ya shangazi yake. Shangazi akajifunika kanga, mabega yakatetemeka. Nikadhani analia. Kumbe!

Asubuhi wakanipeleka ukingoni mwa uwanda, wanakoteremkia wanawake kuchota maji bondeni. Jua mgongoni, bonde limejaa ukungu, na majitu matatu yanatusubiri! Nikataka kukimbia, Somoe akanishika shati. Shangazi akajitwika ndoo. Jitu la kushoto nalo likajitwika ndoo.

"Mbona lenye duara ni jitu langu tu?" nikauliza.

"La kwako wapi? La kwangu ndilo lenye duara!" Somoe akang'aka.

Tulioana, na ubishi huo tunao mpaka leo. Kila kipupwe tunakwenda kuangalia, na kila mmoja anarudi mshindi. Mtani wangu alikula sahani tatu za pilau harusini, akacheka mpaka akapaliwa. Nawe ukipanda mlima ule asubuhi, usikimbie. Jiwe lina umande, na magamba yake huteleza pamoja na mtu. Na usivunje uchumba kabla hujawauliza wanaokwenda kuchota maji. Mimi nilijibiwa na shangazi asubuhi ile, ndoo ikiwa bado kichwani:

"Kivuli chako hicho, baba. Jua liko nyuma, ukungu uko mbele. Haya, shika ndoo nyingine, maji yako mbali."