Siku Nilipowanyeshea Wakwe

Jamani, aibu zingine husahaulika, lakini yangu bado inasimuliwa kule Saboti, kwa hivyo wacha niitoboe mwenyewe kabla hamjaisikia ikiwa imetiwa chumvi.

Tulikuwa tumetoka Bungoma, mimi na wazee wangu na shangazi, kwenda huko Saboti kwa kina Wanjiru, mchumba wangu, kujitambulisha rasmi. Baba yake alikuwa na shaka moja tu nami: ati kazi yangu ni kubonyeza simu. Basi siku chache kabla nilikuwa nimemfungia shambani vidude vya kupima unyevu wa udongo, ambavyo huipasha pampu habari bila waya: udongo ukikauka inawaka, ukilowa inazima. Mzee akiridhika, nimepata mke.

Asubuhi hiyo nikaona betri za vidude zimeshuka (kutuma habari kila dakika hula chaji vibaya), nikaogopa zisije zikazimika mbele ya wazee. Nikajifanya mjanja, nikaviamuru viwe vinalala, viamke mara moja kwa saa, viseme, virudi kulala.

Wageni walipoketi kando ya vitunguu, nikashuka mtoni kuunganisha pampu, nikarudi nikirekebisha tai. Vidude vikaamka, vikasema kumekauka, vikalala zao. Maji yakaruka kutoka kwenye vinyunyizio, watu wakapiga makofi, mzee akatabasamu! Hapo ndipo baba yangu mdogo aliposimama kuomba, na huyo bana akianza kuomba hana haraka. Nikafumbua jicho moja: vitunguu vimezama, upepo umegeuka, maji yanatuangukia, na pampu haina habari kwa sababu vya kuiambia vimelala fofofo. Nani ataondoka katikati ya maombi?

"Haki, wametubatiza bira kutuuriza!" shangazi akalia baada ya amina, kilemba kikichuruzika.

"Si uzime, kijana!" mzee akasema.

Nikateremka mbio na suti yangu, nikateleza, nikamalizia safari kwa makalio, nikanyoosha mkono kwenye swichi, na papo hapo vidude vikaamka, pampu ikajizima yenyewe. Huko juu wakanishangilia!

Nikarudi nimejaa matope, nimeinamisha kichwa. Mzee, amelowa chepechepe, akacheka hadi akashika kiti.

"Nilidhani kazi yako ni ya kukaa tu," akasema. "Leo nimekuona ukikimbia. Mpeni huyu nguo kavu, tule."

Nilikula mukimo nikiwa nimevaa suruali ya baba mkwe iliyoishia magotini, na furaha ilinijaa kuliko aibu. Lakini nimeapa: betri nitaokoa kwingine kote, ila siku ya ukweni vidude vikeshe, hata vikifa vife vikiwa macho.