Shemeji Yangu na Mawe ya Zimbabwe

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliishia darasa la saba na hakuwahi kumaliza kitabu hata kimoja. Hilo alilisema waziwazi, tena mbele yangu mimi niliyefundisha historia sekondari miaka kumi na minne. Wanunuzi binafsi wa kahawa waliporuhusiwa kuingia kwetu Umatengo na chama cha ushirika kikabaki kinapiga miayo, yeye akawa wakala wa mmoja wao. Baada ya misimu miwili ya kahawa alikuwa na pikapu, nyumba ya bati la rangi mjini Mbinga, na tumbo. Ikabaki kutafuta kitu cha kuwazidi matajiri wenzake, maana pikapu nao walikuwa nazo. Mzungu mmoja aliyekuja kuonja kahawa akamwambia kwamba kwao watu wakipata nafasi husafiri nchi za mbali kutazama magofu na kujionea mila za wenyeji.

Alikuja nyumbani kwangu siku hiyohiyo.

"Mwalimu, magofu ni nini hasa?"

"Majengo ya kale. Wenyewe wameondoka, yamebaki yanabomoka."

"Kama godauni la ushirika."

Nilimdharau kwa jibu hilo, ingawa leo nakiri halikuwa jibu baya.

Akaniambia tutakwenda Zimbabwe, kwenye yale mawe ninayowafundisha watoto. Yeye angegharamia, mimi ningeongea Kiingereza. Nilipaswa kukataa. Nilikuwa nikimsema kila siku kwa mke wangu kwamba mtu huyu hana maana, na sasa nikawa napanga nguo zangu kwenye begi alilolinunua yeye. Nilijiambia nakwenda kwa ajili ya wanafunzi.

Mbamba Bay tulingoja meli siku tatu. Shemeji alishinda na koti la suti kwenye joto lile la ziwani, akawa anawaeleza Wanyasa wasiomuuliza kitu kwamba yeye ni mtalii. Dagaa alikataa, eti mtu anayekwenda nje hali dagaa. Mama aliyetupangisha chumba, mjane wa Kianglikana mwenye sauti ya chini, alitutengea ugali na maharage akauliza tunakokwenda.

"Zimbabwe," shemeji akasema. "Kuangalia mawe."

Yule mama akageuka akatazama ufukweni, ambako majabali makubwa kuliko nyumba yake yamekaa tangu dunia iumbwe.

"Haya ya hapa mmeshayamaliza?"

Sikucheka, kwa kuwa nilikuwa upande wa msafara.

Tulivuka ziwa, tukashuka Malawi yote kwa mabasi, tukapita Tete, tukafika Harare miguu imevimba, kisha tukapanda basi jingine kwenda kusini. Njia nzima shemeji aliongea Kiswahili na kila mtu, na asipoeleweka alikirudia kwa sauti kubwa zaidi. Mimi nilikuwa natazama dirishani kama mtu asiyemfahamu.

Siku ya magofu tulipewa mwongozaji, mwanamke wa makamo aliyevaa viatu vya raba na kofia ya kusuka. Nakiri kuta zile zilinikosesha maneno. Mawe yamepangwa juu ya mawe, hakuna udongo wala saruji, na ukuta unazidi urefu wa mti. Lakini sikunyamaza. Kila alipoeleza jambo niliongeza langu, ili ajue hajapata mtalii wa kubahatisha. Tulipofika kwenye ule mnara wa mviringo ndani ya boma kubwa, nikamtangulia. Nilimwambia hapa ndipo mlinzi wa mfalme alipopanda kuangalia maadui. Ndivyo nilivyofundisha miaka yote ile, na mitihani nilisahihisha hivyo.

Mama yule alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Hapana, baba," akasema kwa upole. "Mnara huu hauna ngazi wala nafasi ndani. Walichunguza, wakakuta ni mawe matupu mpaka katikati. Ulijengwa kwa kazi gani, hakuna anayejua kwa hakika."

"Amesemaje?" shemeji akauliza.

"Anasema ni kama ninavyofundisha: mlinzi alikaa juu, ulinzi ulikuwa mkali," nikamtafsiria.

Shemeji akauzunguka mnara polepole, mikono nyuma, kama anavyozunguka lundo la magunia anayoyashuku. Akaugonga kwa kiganja. Akarudi.

"Mwalimu, huyo mlinzi alipandia wapi?"

Nilimwambia ngazi ilikuwa ya miti, ikaoza. Yule mama hakuelewa Kiswahili, lakini alinitazama usoni, nami nikainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Jioni ile kabla jua halijazama, hoteli tuliyofikia iliandaa ngoma kwa ajili ya wageni. Wazungu walikaa mbele na kamera zao, shemeji akakaa nao. Wakatoka wanaume waliovaa ngozi, wakaruka, wakapiga kelele ambazo nadhani hata wao ziliwachosha. Baada ya ngoma mmoja wao akakaa kwenye mkeka na vipande vya mifupa, akawa mganga. Nimekulia vijiji vya Mapera, waganga nimewaona, wala hakuna aliyeagulia bustanini mwa hoteli akingoja kupigwa picha.

Shemeji alikuwa wa kwanza mkekani. Akanivuta nitafsiri.

Yule mganga alipojua tumetoka Tanzania alishusha sauti. Akaniambia kwa Kiingereza safi kwamba alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo. Serikali ilipofungua soko, nguo za nje zikajaa, kiwanda kikawapunguza kazi.

"Ngozi hizi ni za hoteli," akasema. "Babu yangu mimi nilimwona kwa macho yangu. Alivaa suruali."

"Anasemaje?" shemeji akauliza.

"Anasema alikuwa fundi wa mitambo, kiwanda kimempunguza."

"Sikumuuliza kazi. Mwambie anitabirie."

Fundi akarusha mifupa, akaitazama bila hamu, akasema mgeni huyu atatajirika zaidi. Shemeji akafurahi, akamlipa, wakapigwa picha wameshikana mabega. Niliwadharau wote wawili, ingawa ni mimi niliyewaunganisha.

Tuliporudi, niliingia kidato cha pili nikawaambia wanafunzi kwamba ule mnara hauna nafasi ndani, kwamba nimeuona na kuushika. Msichana mmoja wa kutoka kijiji cha Ukata akanyoosha mkono. Akauliza kwenye mtihani waandike hivyo, au waandike nilivyowapa mwanzo. Nilitazama daftari langu la zamani pale mezani.

"Andikeni nilivyowapa mwanzo," nikasema, nikafuta ubao.

Wiki chache baadaye tulikuwa Kigonsera kwenye komunio ya kwanza ya mtoto wa ndugu yao, yeye na mke wangu. Shemeji akasimama kusimulia safari. Watu wote wakamgeukia, hata wazee. Alipofika kwenye mnara akanionyesha kwa kidole. Akasema mwalimu amewafundisha watoto wetu miaka yote habari za mlinzi aliyepanda mnara usiopandika. Wakacheka. Mke wangu akacheka kwa kufunika mdomo na kitenge.

Sikuvumilia. Nikasema na yeye awaambie jinsi alivyomlipa mganga wa uongo, fundi wa kiwanda aliyevikwa ngozi.

"Nilijua ni fundi," akanijibu, bila hata kukunja uso. "Si wewe uliniambia? Nilimlipa kwa kuwa hana kazi. Ningempa bure angeona aibu, shemeji. Ndiyo maana nikamwambia atabiri."

Mzee mmoja akasema hayo ni maneno ya mtu mzima. Pombe ikaendelea kugawiwa.

Mpaka leo sijui kama alisema kweli au aliyatunga palepale. Alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara hakosi jibu. Mimi nimeamua kuamini kwamba aliyatunga, kwa sababu bila hivyo sina namna ya kukaa naye meza moja. Mwaka uliofuata alikwenda Misri. Alimchukua mwalimu wa jiografia.