Shati la Manjano la Chiriku

Mji ule haukuwa na cha kujivunia isipokuwa bendi moja, na bendi yenyewe ilikuwa imeshakufa. Mpiga ngoma alikuwa kaburini, mpiga gita la besi alikuwa ng'ambo na simu hapokei. Chiriku, mwimbaji wao, aliugua ghafla wakiwa ziarani nchi ya mbali, akazikwa hukohuko kabla mama yake hajapata habari. Hata hivyo wageni walikuja. Walionyeshwa ukumbi wa dansi uliobonyea paa, wakaonyeshwa chumba cha mazoezi ambacho siku hizi ni stoo ya saruji, wakapiga picha hata na mifuko ya saruji. Mwisho wa yote waliletwa kwa Fundi Kola.

Fundi Kola alikuwa mtu mfupi mwenye maneno marefu. Ndiye aliyewashonea bendi nguo za jukwaani tangu wote wakiwa vijana wasio na mbele wala nyuma, na kola zake zilisifika kwa kusimama wima hata baada ya dansi la usiku kucha. Duka lake lilipakana na makumbusho, chumba kimoja chenye picha ukutani, gita lisilo na nyuzi, na sanduku la kioo lenye shati la manjano la Chiriku. Wageni waliegemea kioo wakishusha pumzi. Fundi aliwaeleza namna alivyompima Chiriku, na jinsi Chiriku alivyokuwa hatulii hata kupimwa shingo. Alieleza vizuri mno. Ila macho yake hayakugusa lile shati hata siku moja, kwa sababu lilikuwa pazia.

Mambo yalianza makumbusho yalipokaribia kufunguliwa. Mama yake Chiriku alikuwa na hilo shati tu. Mwanawe aliliacha nyumbani safari ile ya mwisho. Mama alilitoa kwa shingo upande, baada ya kubembelezwa na msimamizi wa makumbusho kwamba watu wasije wakamsahau mtoto wake. Msimamizi akampelekea Fundi Kola alinyooshe.

Fundi akatia makaa kwenye pasi, akalitandaza shati, akaanza. Mara jamaa yake akapita mlangoni na kusema ule wimbo wa mwisho wa bendi ndio uliokuwa mtamu kuliko zote. Sasa, katika mji ule, neno kama hilo haliachwi lipite. Fundi aliitua pasi palepale kifuani mwa shati, akatoka nje kumwimbia yule mpotofu kiitikio cha wimbo wa kwanza, mikono hewani, mpaka wapita njia wakasimama. Alipogeuka, moshi ulikuwa unatoka dirishani. Mbele yote ya shati ilikuwa imekwenda, na kola yake.

Alipaswa kusema, naye alijua. Badala yake alikwenda nyumbani akashusha pazia la manjano la chumbani.

"Utamvisha marehemu pazia letu?" mkewe alimuuliza.

"Nyamaza, mama watoto. Hakuna atakayejua."

"Njia ya mwongo ni fupi, mume wangu. Mimi simo."

Aliifuata mikono na mgongo wa shati la zamani kukata kitambaa, akashona, akalifua mara kadhaa lipauke, na masalio ya lile lililoungua akayatupa. Njia ikawa ndefu kuliko alivyotabiri mkewe, lakini haikuwa na raha. Kila mgeni aliyetokwa na machozi mbele ya kile kioo alimpa Fundi kiungulia.

Ndipo siku moja mama yake Chiriku akaja. Alikuwa anaishi kwa binti yake, mji mwingine, na macho yalikuwa yamemwisha. Alisema anataka kulishika shati la mwanawe kabla naye hajaondoka duniani. Msimamizi alifurahi kupita kiasi, wageni wakajipanga na kamera zao, na Fundi akaitwa aje afungue kioo kwa kuwa yeye ndiye mwenye mkono wa nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sauti hii naijua. Si ndiwe uliyemshonea?"

"Ndimi, mama." Alifungua kioo.

Alimwekea shati mapajani. Mama alilinusa. Kisha akaanza kulifunga vifungo, kama mtu anavyofunga shati lililotoka kukauka. Vidole vikaenda, vikakosa. Vikarudi, vikakosa tena.

 Ndipo Fundi akakumbuka. Alipolishona lile la kwanza alikuwa bado anajifunza kwa shangazi yake, fundi wa nguo za kike, hajui kushona kingine ila blauzi. Basi vifungo akaviweka upande wa wanawake. Chiriku alicheka mpaka akakaa chini, lakini dansi lilikuwa jioni ileile na hapakuwa na nafasi ya kufumua. Jukwaani alilivaa kifua wazi, na hakuna aliyegundua isipokuwa aliyekuwa akilifua. Kwenye pazia, kwa kuwa mbele ya lile la zamani ilikuwa imeungua, mikono ya Fundi iliyokwisha kukomaa iliweka vifungo upande wa wanaume bila hata kumuuliza mwenyewe.

"Ndilo, mama?" msimamizi aliuliza kwa sauti ya kusikika na watu wote.

Mama alivipapasa tena vifungo.

"Ndilo," alisema.

Watu wakapiga makofi.

Baadaye alimwomba binti yake amwache kidogo dukani kwa fundi, apumzishe miguu. Binti alipotoka, mama alisema, "La mwanangu liko wapi?"

"Liliungua, mama. Niliacha pasi juu yake nikaenda kubishana na watu."

"Mkibishana nini?"

"Nyimbo zake."

Mama akacheka, kicheko kikakatikia njiani. "Na hili?"

"Pazia la chumbani kwangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa. Niliona ukilikosa na hilo, hubaki na kitu."

"Ukaona nibaki na pazia."

Fundi aliinamisha kichwa. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona, na haikusaidia kitu kwamba mwenye kumwaibisha hakumpandishia sauti.

"Yaliyobaki uliyaweka wapi?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, alikuwa ameuzoea. Aliumeza. "Nilitupa shimoni, kwenye taka, hapo nyuma."

"Nipeleke."

"Mama, shimo lilifukiwa zamani. Pamejengwa choo cha wageni."

"Nimesema nipeleke."

Alimshika mkono, wakazunguka duka. Wageni wawili walikuwa wanasubiri zamu, kamera shingoni. Wakamsalimu bibi na kumpisha, wakidhani amebanwa. Ndani kulikuwa na mtu anayeimba taratibu wimbo wa Chiriku, maneno anayakosea. Mama hakuingia. Aliweka kiganja ukutani akasimama hapo muda mrefu, mpaka wale wawili wakaanza kutazamana.

"Nisamehe, mama," Fundi alisema huku machozi yakimtoka. "Nitakwenda kwa msimamizi sasa hivi. Nitawaambia wote."

"Waachie shati lao. Wametoka mbali." Alikuwa bado anaelekea ukutani. "Lakini mwanangu amezikwa mara mbili, fundi. Na mara zote mbili sikuitwa."

Fundi Kola alinyoosha mkono amwongoze warudi. Mama aliusikia mkono ule ukimgusa kiwiko, akautoa polepole. Akajishikilia ukuta wa choo, akapaza sauti kumwita binti yake.