Chai ya Mzee wa Kanisa Nyuma ya Pazia

Mwenye ukurasa, nifichie jina langu. Waambie wasomaji tu kwamba natoka upande wa Ndhiwa. Nina miaka ishirini na sita, watoto wawili, na mume wangu ni mzee wa kanisa letu la Wasabato. Kwetu chai haiingii nyumbani. Tumefundishwa kwamba inamfunga mtu kama tumbaku, na aliyebatizwa hainywi.

Mwaka jana nilipojifungua mtoto wa pili nilishikwa na baridi ya kutetemesha mpaka meno yakagongana. Jirani akaja na majani yake, akanipikia chai ya maziwa na tangawizi, nikanywa kikombe kimoja. Jioni mume wangu akaona majani ya chai kwenye jaa. Hakuniuliza neno. Aliyaokota, akayafunga kwenye karatasi na kuyapeleka mbele ya baraza la kanisa. Ile karatasi ilipitishwa mkono kwa mkono, watu wazima wakanusa takataka za nyumbani kwangu. Nikatolewa katika ushirika. Nilikuwa naongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya, nikaambiwa nikae benchi la nyuma na nisiimbe hadi nitakapobatizwa upya. Nililia sana, lakini sikumlaumu. Nilijiambia nina mume asiyempendelea mtu, hata mkewe.

Mwezi uliopita, siku ya Jumatano, nilimpeleka mtoto wetu mkubwa hospitali ya Homa Bay kwa sababu ya sikio. Mume alikuwa ametoka mapema, kama kila Jumatano, akisema ana kikao cha wazee. Tulimaliza upesi, na basi la kurudi lilikuwa la saa tisa, basi tukatembea kuelekea gatini kutazama meli. Hapo karibu nikaona duka jipya, mlango wa buluu, na harufu ya iliki imejaa mpaka barabarani.

Sijawahi kuona mahali pazuri hivyo. Kabati la kioo lilikuwa na keki zilizonyunyiziwa sukari, mahamri na visheti. Meza zilikuwa tatu, zina vitambaa vya kufuma na vikombe vya maua. Mwenyewe ni mama wa Kiislamu kutoka Mombasa, nitamwita Bi Zuhura. Alimpa mtoto kisheti cha bure na kunivutia kiti kama vile mimi ni mke wa Diisii, mkuu wa wilaya. Nilifurahi, na nikapanga kumleta mume wangu siku moja tule keki kwa maziwa.

Aliponiuliza kama anitilie chai nikamwambia mimi situmii, anipe maziwa. Akacheka.

"Nyote wa huku mwasema hivyo, mwanangu. Yule mzee wangu wa Jumatano humtilia kwenye kikombe cha bati chenye kifuniko. Mtu akiingia, yeye asema ni uji."

Wakati huohuo mtu akakohoa nyuma ya pazia. Mtoto alikuwa na sikio moja tu zima, lakini lilimtosha. Akakimbilia kule akiita baba.

Nikafungua pazia. Mume wangu alikuwa amechovya kipande cha keki ndani ya chai, kimelainika kama ugali wa mgonjwa, anakifyonza huku macho ameyafumba. Masharubu yalikuwa na sukari. Chai ilimtiririka hadi kidevuni, akaifuata kwa ulimi. Jamani, nilimtazama kwa kinyaa. Si kwa sababu ya chai. Niliikumbuka ile karatasi.

Aliniambia eti ni dawa ya kifua. Nikamuuliza dawa gani inaliwa na keki. Hapo akageuza lugha, akaniita binti wa Kasipul, akasema kwa Kijaluo, taratibu, ili Bi Zuhura asielewe:

"Nyar Kasipul, nenda useme. Wewe uko nje ya kanisa. Nani atakuamini?"

Nilirudi mezani, nikamwambia Bi Zuhura ayaache maziwa, aniletee chai. Nikainywa yote, mume wangu akiniangalia, kisha nikamshika mtoto mkono tukaenda kungoja basi.

Tangu siku hiyo mtu huyu ananitia kinyaa. Akiombea chakula nashindwa kumeza. Akisimama mimbarani kuonya akina mama kuhusu chai, na anaonya hasa, natazama sakafu hadi amalize. Nyumbani hatujalizungumza hata mara moja. Jumatano bado anaenda kikaoni.

Sasa kanisa limekubali nibatizwe upya ziwani, zimebaki Sabato tatu. Kabla sijaingia majini, mzee mmoja ataniuliza mbele ya wote kama nimeiacha chai. Mzee huyo ni mume wangu, ameomba mwenyewe apewe kazi hiyo. Nikisema nimeiacha, nitarudi kuimba, lakini nitakuwa nimedanganya kama yeye, naye atanijibu "Amina" huku akijua. Nikisema kweli, itabidi niseme niliinywa wapi na nilikuwa na nani. Huenda nisirudi kwenye kwaya maisha yangu yote, na watoto watakuwa na baba aliyeaibishwa na mama asiye na kanisa.

Nishaurini, ndugu zangu, lakini msiniambie nisamehe tu. Akiniuliza pale ziwani, nimjibu nini?