Kipande cha Mwisho

Juzi nilikuwa Mbarara kwa shughuli zangu, nikapita kwa muuza vitabu vya mtumba. Katikati ya Biblia na vitabu vya shule nikaiona hadithi yetu ya Kiswahili, nzima, na jalada lake. Sikuwahi kuiona nzima. Sisi tuliijua kwa vipande.

Utotoni niliishi na bibi yangu kijijini Misiera, huko Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi. Jirani yetu alikuwa mama mmoja wa Kivu Kusini, kama sisi. Wenzake walikimbia na masufuria. Yeye alikimbia na vitabu, na watu wakamcheka weee! Kwake hukukosa bugari, ndiyo ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, hata ukifika bila kuitwa. Tulipoanza kuigombania ile hadithi, alichukua wembe akaikata, kisha akashona kila kipande kwa uzi wa gunia la mgao.

"Kitabu iko moja, batoto muko mingi," alisema. "Nifanye namna gani?"

Basi tukaisoma ovyo ovyo, mwingine akianzia katikati, tukibadilishana kwenye foleni ya maji. Ilikuwa habari ya mama aliyewaacha wanawe ng'ambo ya mto akaenda kutafuta chakula. Mimi nilitaka kujua jambo moja tu: alirudi? Mama yangu mzazi alibaki Kongo, na hakuna aliyejua ni wapi. Sasa kipande cha mwisho kilianzia kwa mtoto mmoja, na kabla hajakitoa, familia yake ikapata safari ya Amerika, ikaondoka nacho. We acha tu. Nililia mpaka bibi akachoka. Nikimuuliza jirani mwisho wake, alisema, "Ngoja ukomae kwanza."

Halafu akaugua, akalazwa hospitali ya Ruharo, Mbarara. Bibi alinichukua, tukapanda gari pale mjini Rwekubo na chupa yetu ya uji. Tulimkuta amekonda, sauti imekwisha. Nilipouliza tena mwisho wa hadithi, bibi alinifinya. Mgonjwa akacheka.

"Alirudia kwake," akasema. "Akakuta bote bako, na moto ingali inawaka. Akasonga bugari, bakakula."

Jamani, nilifurahi! Hata uji wake nilimsaidia kuumaliza. Hakurudi Misiera. Siku ya kumzika watu walilia. Mimi nilikuwa nawaza bugari ile ya kwenye hadithi.

Nyumba yake haipo tena, pamelimwa mahindi. Watoto tuliosoma nao wametawanyika, na vipande sijui viliishia wapi. Nikiyataja haya sisikii kitu, wala uchungu.

Kwa muuza vitabu nikafungua kurasa za mwisho, nikasoma nimesimama. Mama harudi. Watoto wanamngoja ukingoni mpaka giza linaingia, na hadithi inaishia hapo. Nikangoja machozi. Hayakuja.

"Sebo, bwana, unachukua?" muuzaji akauliza.

Nikakirudisha kitabu katikati ya Biblia.

"Hapana," nikamwambia. "Hii si yenyewe."